Lagos kwa Mgeni wa Mara ya Kwanza: Panga Siku Zako kwa Kufuata Madaraja

Msomaji anayeifahamu Tanzania hatapata shida kuielewa ramani ya Lagos, kwa sababu mji huo nao una Bara na una Visiwani. Upande wa Bara, ambao wenyeji huuita Mainland, kuna uwanja wa ndege, Ikeja, Yaba, Surulere, Oshodi na Mushin, na huko ndiko wanakoishi watu wengi zaidi. Upande wa pili wa maji, ambao wote kwa pamoja huitwa Island, kuna kisiwa chenyewe cha Lagos ambacho ndicho mji mkongwe, kisha Ikoyi, Victoria Island na rasi ndefu ya Lekki inayonyooka kuelekea mashariki. Kati ya pande hizo mbili limetanda ziwa la pwani, nalo huvukwa kwa madaraja makuu matatu: Carter, Eko na lile refu kuliko yote, Third Mainland, lililokamilika mwaka 1990 likiwa na urefu unaokaribia kilomita 12.

Jimbo la Lagos ndilo dogo kuliko majimbo yote 36 ya Nijeria kwa eneo, lakini linabeba watu zaidi ya milioni 15, na kila asubuhi sehemu kubwa ya watu hao hutaka kuyavuka maji hayo kwa saa zilezile. Kwa hiyo ushauri wote uliomo katika mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja. Mgeni anayepanga ziara yake kwa orodha ya vivutio, asubuhi huku na mchana kule, ataiona Lagos kupitia kioo cha gari lililosimama. Anayepanga kwa madaraja, upande mmoja kwa siku moja, atauona mji. Nimejaribu njia zote mbili, na ile ya kwanza ilinigharimu Ijumaa nzima.

Hatua ya kwanza: Chagua majira, kisha shughulikia karatasi

Mvua kubwa hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, na Juni ndio mwezi mzito zaidi, kwani barabara za Lekki na Victoria Island hujaa maji kiasi cha magari kuzimika. Agosti mvua hupungua kidogo, hurudi Septemba na Oktoba, halafu kiangazi huanza Novemba na kuendelea hadi Machi. Desemba na Januari huvuma upepo mkavu wa harmattan, unaoleta vumbi la Sahara na kuifanya anga iwe ya kijivu. Mwenye pumu na abebe dawa zake. Mimi humshauri mgeni aende Novemba au Februari. Desemba ina raha zake, kwa sababu Wanijeria wanaoishi Ulaya na Marekani hurudi nyumbani na matamasha hufuatana usiku baada ya usiku, lakini bei za hoteli na tiketi hupanda sana, nayo foleni huwa nzito kuliko mwezi mwingine wowote.

Raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji viza, na Nijeria ilianza kutoa viza ya mtandaoni Mei 2025 kupitia idara yake ya uhamiaji. Omba mapema na moja kwa moja kwenye tovuti ya idara hiyo, wala usimlipe mtu wa kati anayekuahidi njia ya mkato. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mlangoni. Ibebe pamoja na pasipoti, usiitie ndani ya sanduku. Malaria ipo mwaka mzima, hivyo zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga hata kama umekulia Tanga au Kisumu na unajiona umeizoea.

Ndege za moja kwa moja zipo kutoka Nairobi, Addis Ababa, Kigali na Entebbe. Saa ya Lagos iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, kwa hiyo Nairobi ikiwa saa nne asubuhi, Lagos ni saa mbili. Plagi za umeme ni zilezile za pini tatu zinazotumika Kenya, Uganda na Tanzania, hivyo chaja yako itaingia ukutani bila adapta.

Hatua ya pili: Amua utalala upande gani

Uamuzi huu una uzito kuliko hoteli yenyewe. Jiulize shughuli zako nyingi ziko wapi, kisha ulale upande huo hata kama upande wa pili kuna chumba kizuri zaidi kwa bei ileile. Mwenye mikutano Victoria Island akilala Ikeja kwa sababu ni karibu na uwanja wa ndege, ataamka saa kumi na moja alfajiri kila siku na bado atachelewa. Vivyo hivyo, aliyekuja kwa ajili ya muziki wa Ikeja au kuwatembelea jamaa Surulere hana sababu ya kulipia hoteli ya Lekki.

Kwa mgeni anayekuja kutembea tu na ana siku nne au tano, ningependekeza agawanye malazi: usiku wa mwanzo Visiwani, yaani Ikoyi, Victoria Island au sehemu ya mwanzo ya Lekki, na usiku wa mwisho mmoja au miwili Bara, Ikeja au Yaba. Visiwani ni ghali zaidi. Yaba ni mtaa wa wanafunzi na vijana wa kampuni za teknolojia, una vibanda vizuri vya chakula, na ukiwa pale unaona maisha ya kawaida ya mji kuliko ukiwa nyuma ya lango la Ikoyi.

Kabla ya kulipia chumba, uliza swali moja: jenereta huwashwa saa ngapi na huzimwa saa ngapi? Umeme wa gridi hukatika mara kwa mara, na hoteli nyingi hutegemea jenereta au betri za sola. Ukiwa mtaani jioni, umeme ukirudi ghafla, utasikia watoto wakipaza sauti nyumba hadi nyumba: "Up NEPA!" NEPA ni jina la shirika la umeme lililokwisha kuvunjwa tangu mwaka 2005, lakini kelele ya furaha imebaki na jina lake.

Hatua ya tatu: Tua, toka nje ya uwanja, pata pesa na laini

Uwanja wa ndege unaitwa Murtala Muhammed, jina la mkuu wa nchi ambaye utakutana na habari zake tena kwenye makumbusho ya Onikan, kisiwani. Ndani na nje ya jengo watakujia watu wengi wanaotaka kukusaidia mizigo, kukubadilishia fedha au kukutafutia teksi. Kataa kwa upole, usimkabidhi mtu yeyote pasipoti wala simu, na panga usafiri kabla ya kutua. Hoteli nyingi hutuma dereva ukiomba, na programu za teksi kama Uber na Bolt hufanya kazi hapo. Ndege yako ikifika kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku na hoteli yako iko Visiwani, kunywa chai, kula, usiwe na haraka. Saa moja ya subira mara nyingi hukuokolea saa mbili barabarani.

Sarafu ni naira. Tangu Juni 2023, Benki Kuu ilipoacha thamani yake iamuliwe na soko, imeshuka sana, na kwa kuwa noti kubwa kuliko zote ni ya naira 1,000, ambayo haifiki dola moja, utajikuta na bunda nene kwa matumizi ya kawaida kabisa. Andaa pochi mbili: moja ndogo ya matumizi ya siku, nyingine ya kufichwa. Wenyeji hulipana kwa kutumiana pesa benki kwa benki kupitia simu, hata kwa muuza machungwa, lakini huduma hiyo huhitaji akaunti ya Nijeria, na M-Pesa uliyoizoea haitakusaidia. Utakachokiona kila kona ni mwavuli, meza ndogo na kijana mwenye mashine ya kadi. Huyo huitwa POS, na kazi yake ni ileile ya wakala wa kwetu. Kwa kadi iliyotolewa nje ya Nijeria, hata hivyo, mashine za benki zenyewe ndizo za kutegemewa zaidi, nawe zitumie mchana, ndani ya benki au ndani ya jengo la maduka.

Laini ya simu inunuliwe katika duka rasmi la mtandao, si barabarani, kwa sababu usajili huhitaji pasipoti na alama za vidole.

Hatua ya nne: Jifunze salamu kabla ya kujifunza njia

Aliyelelewa kwa "shikamoo" atajisikia nyumbani. Wayoruba, ambao ndio wenyeji wa mji huu na huuita Èkó, hawaanzi mazungumzo bila salamu, na salamu ya mkubwa hubeba kiambishi cha heshima, *ẹ*, ambacho hakisemwi kwa mdogo. Asubuhi sema *Ẹ káàárọ̀*, mchana *Ẹ káàsán*, usiku *Ẹ káalẹ́*, na kushukuru ni *Ẹ ṣé*. Mtoto wa kiume aliyelelewa vizuri hujilaza kifudifudi mbele ya mzee, wa kike hupiga magoti. Mgeni hatarajiwi kufanya hivyo, lakini akiinamisha kichwa na magoti kidogo atatazamwa kwa jicho jingine kabisa. Kutoa au kupokea kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu huko kama ulivyo pwani yetu.

Mtaani lugha inayowaunganisha wote ni Pijini. Ukiambiwa "How far?" hujaulizwa umbali, umeulizwa hali yako, na jibu ni "I dey". "Abeg" ni tafadhali, "oga" ni bosi au mkubwa, na "How much last?" sokoni maana yake ni bei ya mwisho ni ipi. Nao wachoma nyama na wabadilisha fedha wengi ni Wahausa kutoka kaskazini, ambao lugha yao iliazima maneno mengi ya Kiarabu kama ilivyofanya ya kwetu: *labari* ni habari, *lafiya* ni afya, *duniya* ni dunia. Niliposema kwa mchoma nyama mmoja kwamba kwetu siku ya Alhamisi nasi huiita Alhamisi, aliniongezea vipande viwili.

Hatua ya tano: Jua chombo gani cha kupanda, na saa gani

Jambo la kwanza ni la usalama wako. Nijeria iliacha kuendesha kushoto tarehe 2 Aprili 1972 na tangu hapo magari hupita kulia. Mtu aliyezoea barabara za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hutazama upande usio sahihi anapovuka, naye hufanya hivyo bila kufikiri. Tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena, na palipo na daraja la waenda kwa miguu lipande hata kama vijana wanakatiza chini yake.

Danfo, yale mabasi madogo ya njano yenye mistari myeusi, ni ndugu wa daladala na matatu. Hayana ratiba, konda huning'inia mlangoni akiita mwisho wa safari: "Oshodi-Oshodi!", "Obalende!", "CMS!" Nauli hupanda jioni na hupanda tena mvua ikinyesha, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Ingia na pesa ndogo. Usipokuwa nazo, konda atafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwetu: atakuunganisha na abiria mwingine, awape noti moja ya chenji, kisha awaambie mgawane wenyewe mkishuka. Mimi niliunganishwa na mama mmoja mwenye ndoo ya samaki tulipokuwa tukitoka Yaba kwenda Obalende. Tuliposhuka alinishika mkono, akanivusha barabara hadi kwa msichana anayeuza maji ya mfuko, akanunua mifuko miwili ili noti ichenjiwe, akanihesabia haki yangu hadi naira ya mwisho, na mfuko mmoja wa maji akaniachia. Ukitaka kushuka, sema kwa sauti "Ó wà o!" na konda atagonga bodi.

Pamoja na mapenzi niliyo nayo kwa danfo, simshauri mgeni azipande usiku, wala apande gari lolote dogo lililobeba watu wawili watatu linalomwita kando ya barabara. Wenyeji wana jina la magari ya namna hiyo, "one chance", na ndani yake abiria wenzako ndio waporaji. Panda kituoni, penye watu.

Pikipiki za abiria, okada, zilizokuwa bodaboda za Lagos, zilipigwa marufuku katika wilaya kadhaa za mji kuanzia Februari 2020, na mwaka 2022 sheria ikakazwa kiasi kwamba abiria naye hushtakiwa. Bajaji, ambazo huko huitwa keke, hubaki katika mitaa ya ndani. Mabasi makubwa ya BRT yana njia yao wenyewe katika baadhi ya barabara na hulipiwa kwa kadi ya Cowry, ambayo ninakusihi uinunue siku ya kwanza, kwa sababu kadi hiyohiyo hutumika kwenye treni.

Treni ndiyo habari njema ya mji huu. Njia ya Bluu ilianza kubeba abiria Septemba 2023, kati ya Marina iliyo kisiwani na Mile 2 iliyo Bara, urefu wa kilomita 13. Njia Nyekundu ikafuata Oktoba 2024, kati ya Agbado na Oyingbo kupitia Ikeja. Hata kama huna shughuli Mile 2, panda Njia ya Bluu kutoka Marina mara moja tu, ukae dirishani. Treni huvuka maji juu ya daraja lake yenyewe, na kwa dakika chache unayaona majengo ya Marina, bandari na mitumbwi ya wavuvi kwa pamoja, huku magari yakiwa yamesimama barabarani.

Boti nazo zipo, kutoka gati la Falomo huko Ikoyi, CMS na kwingineko. Vaa jaketi la kuokolea maisha na ulifunge vizuri, kataa boti iliyojaa kupita kiasi, na usisafiri majini baada ya jua kutua.

Kwa teksi za programu kanuni ni ya saa. Kutoka Bara kwenda Visiwani, epuka kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Kurudi Bara, epuka kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Ijumaa jioni usivuke kabisa. Jumapili ndiyo siku ya kuvuka, kwani daraja la Third Mainland huwa karibu tupu na unaweza kulipita kwa dakika kumi na tano. Foleni ikisimama, funga vioo na ushushe simu mapajani, kwa maana wapo wanaoikwapua kupitia dirishani na kutokomea katikati ya magari.

Hatua ya sita: Gawa mji kwa siku

Siku ya kwanza iwe ya kisiwa chenyewe cha Lagos, na uitembee kwa miguu. Anzia Onikan, kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1957. Pamoja na sanamu za shaba na za udongo, chumba kimoja kina gari jeusi la Mercedes lenye matundu ya risasi. Ndilo alilouawa nalo Jenerali Murtala Muhammed asubuhi ya tarehe 13 Februari 1976 akienda kazini, bila msafara, katikati ya msongamano wa magari. Simama upande wa kioo cha nyuma uyatazame matundu hayo kwa karibu. Hakuna maelezo ya ukutani yanayosema zaidi yake. Jirani na hapo kuna Kituo cha John Randle, jengo jipya linaloeleza utamaduni wa Wayoruba kwa lugha yao na kwa sauti zao.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Freedom Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 2010 mahali palipokuwa gereza la kikoloni la Broad Street, walimofungwa wapigania uhuru kama Herbert Macaulay. Mbunifu wake, Theo Lawson, aliacha mistari ya vyumba vya wafungwa ionekane, na leo watu hula chakula cha mchana na kusikiliza muziki ndani ya kuta zilezile. Baada ya chakula ingia mtaa wa Wabrazili, Popo Aguda. Watumwa waliopata uhuru wao Brazili walirudi hapa katika karne ya 19 wakiwa na ufundi wa uashi, na nyumba zao zenye madirisha ya matao na mapambo ya saruji zimebaki chache, nyingine zikianguka mwaka baada ya mwaka, ziangalie sasa. Kazi yao nzuri kuliko zote machoni pangu ni Msikiti wa Shitta-Bey uliofunguliwa mwaka 1894. Mjengeshaji wake, Mohammed Shitta, alikuwa mfanyabiashara aliyezaliwa Sierra Leone, na Sultani wa Uturuki alimtunuku cheo cha Bey. Mtu aliyezoea misikiti ya Lamu na Unguja atashangaa kuona msikiti wenye sura ya kanisa la Bahia, na ataelewa safari iliyouleta.

Msikiti huo uko pembeni mwa soko la Balogun, hivyo utamalizia hapo. Balogun haina mlango wala mwisho; ni mitaa iliyomezwa na bidhaa. Kitenge, ambacho huko huitwa ankara, huuzwa kwa yadi sita. Taja bei chini ya nusu ya uliyotajiwa, tabasamu, na uwe tayari kuondoka. Begi livae mbele ya kifua, na uwe umetoka kabla ya saa kumi jioni.

Siku ya pili iwe ya Lekki, na anza asubuhi na mapema katika Kituo cha Uhifadhi cha Lekki, ekari za kinamasi na msitu zilizohifadhiwa tangu 1990 huku nyumba zikiuzunguka kila upande. Kuna daraja la kamba la kutembea juu ya miti, lenye urefu wa mita 401, ambalo hulikuta likitikisika zaidi pale katikati. Tumbili nao wapo, ficha chakula. Ukirudi njiani, simama Nike Art Gallery, nyumba ya ghorofa kadhaa iliyojaa michoro kutoka sakafuni hadi darini, ambayo mwenyewe, mama Nike Davies-Okundaye, ni bingwa wa adire, kitambaa kinachotiwa nili kwa mkono. Kiingilio ni bure. Nunua kitu, hata kidogo, kwa sababu nyumba hiyo imesomesha vijana wengi ufundi.

Siku ya tatu vuka uende Bara, ukiwa na mizigo yako. Ikeja ina Makumbusho ya Kalakuta, nyumba ya mwisho ya mwanamuziki Fela Kuti, na kaburi lake liko mbele ya nyumba. Chumbani mwake viatu na mashati yake yamewekwa kama alivyoviacha alipofariki Agosti 1997. Si nyumba ile iliyochomwa na wanajeshi tarehe 18 Februari 1977, ambamo mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, alitupwa dirishani na kufariki mwaka uliofuata. Lakini habari yake imeandikwa humo, isome yote. Usiku nenda New Afrika Shrine, ukumbi uliofunguliwa na watoto wake mwaka 2000. Ukifika Oktoba utakuta tamasha la wiki nzima la kumkumbuka.

Utashawishiwa pia uende Makoko, mtaa wa wavuvi uliojengwa juu ya nguzo majini, unaoonekana wazi kutoka Third Mainland. Usiende kupiga picha za umaskini wa watu. Ukienda, nenda na mtu wa humo aliyekubaliwa na wazee wa mtaa, lipa unachoombwa, na kamera ibaki mfukoni hadi uruhusiwe. Mwenye siku ya ziada aitumie Badagry, mji wa pwani ulio magharibi karibu na mpaka wa Benin, ambako mateka walivushwa maji hadi ufukweni na kupakiwa merikebuni. Ni safari ya siku nzima, ondoka alfajiri.

Hatua ya saba: Kula

Chakula utakitambua kuliko unavyodhani. Akara ni bajia za kunde, za asubuhi, motomoto. Boli ni ndizi mzuzu ya kuchoma, huliwa na karanga. Ewedu ni mlenda wetu. Huunganishwa na gbegiri, mchuzi wa kunde wa rangi ya dhahabu, na kumiminwa juu ya amala, sima nyeusi ya viazi vikuu vilivyokaushwa, na sahani hiyo, ukiipata kwa mama lishe mwenye foleni ndefu saa saba mchana, ndiyo Lagos yenyewe. Eba ni sima ya muhogo, na wali wa jollof hauhitaji utangulizi wangu. Onyo ni moja: pilipili. "Small pepper" ya huko ni nyingi ya kwetu, hivyo omba "no pepper" mara ya kwanza, nawe bado utaisikia.

Usiku tafuta suya. Mchomaji hukata nyama nyembamba kama karatasi, akaipaka yaji, unga wa karanga, tangawizi na pilipili, akaichoma kwenye vijiti vilivyosimamishwa kuuzunguka moto, kisha akaikatakata juu ya gazeti la zamani, akarushia kitunguu kibichi na unga mwingine, na kufunga. Gazeti hulowa mafuta kabla hujafika nyumbani. Chagua kibanda chenye watu wengi, ambako nyama hailali.

Hatua ya nane: Sherehe, tahadhari na kuondoka

Ukialikwa harusi au sherehe ya Jumamosi, nenda. Wenyeji watakuuzia kitambaa cha sare, aṣọ ẹbí, kama zinavyofanya familia za pwani. Utaona watu wakimtunza bibi harusi kwa kumwagia noti kichwani, nawe utatamani kufuata, kwa kuwa kutunza ni mila yetu pia. Jizuie: sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007 inahesabu kumwaga au kukanyaga naira kuwa kosa, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini, au vyote viwili, na miaka ya karibuni watu wamefungwa kweli. Weka zawadi yako ndani ya bahasha.

Usipige picha uwanja wa ndege, askari, wala majengo ya serikali, na usivae nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi. Beba nakala ya pasipoti na viza; askari wakikusimamisha, salimia kwanza, jibu kwa utulivu na uwataje wenyeji wako.

Siku ya kuondoka, tumia naira zilizobaki, kwani Nairobi na Dar es Salaam hutampata kwa urahisi wa kukubadilishia. Nunua karanga za chupa na adire. Ndege yako ikiwa ya mchana au ya jioni, uwe uwanjani muda wa saa nne kabla ya kuruka. Na kwa kuwa ulilala Ikeja usiku wa mwisho, asubuhi hiyo hutakuwa na daraja la kuvuka.